Mawe ya Upande wa Kushoto

"Weka chini! Nimesema weka chini, hizo si karanga!"

"Naangalia tu."

"Unaangalia kwa vidole? Kwani macho yako yako kwenye kucha?"

Mpelelezi akairudisha trei mezani polepole. Aliyekuwa anamfokea ni dada yake, tena wa tumbo moja, na ndiye msoma mawe wa kituo hiki cha kupima samaki. Mtu wa tatu mle maabara alikuwa mkuu wa kituo. Huyo alisimama katikati yao kola imelowa jasho, anapaza sauti ili awashinde wote wawili.

"Jamani! Mwizi si tunaye? Tumemfungia stoo ya nyavu! Sasa nyie trei mnagombania ya nini?"

"Mwambie huyu mdogo wangu," dada akasema. "Mwambie wewe. Nikimwambia mimi anaona bado namfunga kamba za viatu. Unajua huyu mpaka anaingia darasa la tatu alikuwa anavaa cha kulia mguu wa kushoto? Anatembea kama bata, nikimgeuzia analia."

Mkuu akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Mpelelezi huyo kazini wanamwita Ndimu, kwa sababu uso wake muda wote uko kama wa mtu aliyenyonya ndimu bila chumvi. Bosi wake alipompa hii kazi alimwambia, "Wewe pale ni kwa dada yako, utaingia bila kupiga hodi." Ndimu akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu asitumwe yeye. Bosi akamwambia mwenzake mwingine yupo likizo, chukua gari uende.

"Haya," Ndimu akasema, akavuta stuli. "Nielezee kazi yako kama hunijui."

"Natamani ningekuwa sikujui."

"Dada."

Dada akashusha pumzi. Akaanza kueleza haraka haraka, sauti ya mtu anayesomea wageni maelezo yaleyale. Kila samaki changu ana mawe mawili kichwani, ya kusikilizia, moja kushoto, moja kulia. Meupe, makubwa yake yanafika kama harage. Kila mwaka jiwe linaongeza duara moja. Unaliweka chini ya hadubini, unahesabu maduara, unajua samaki aliishi miaka mingapi.

"Na yote mawili yanasomwa?"

"La kushoto tu. Samaki mmoja, jiwe moja. La kulia ni akiba, likivunjika lile la kwanza."

"Halafu?"

"Halafu unaangalia nyumba ina nani. Ghuba yenye afya ina watoto, ina vijana, ina wazee. Ukikuta watoto watupu, ujue wazazi wameshaliwa, na hao watoto nao hawatafika mbali."

"Na ripoti yako ilisema wazee wamejaa."

"Ripoti inasema kilichopo kwenye trei," dada akajibu. "Mimi nasoma ninacholetewa."

Ndimu akaliangalia dirisha. Kioo hakikuwepo, wamebandika boksi la katoni. Hilo lilivunjwa juzi. Ghuba ilifungwa miaka mitatu ili changu wazaliane, watu wakakaa pwani wanatazama maji kama watu wanaotazama chakula cha jirani. Ripoti ikatoka: samaki wamepona, fungueni. Juzi mashua ndogo zikaruhusiwa kujaribu siku moja. Nyavu zikapanda na changu wa urefu wa kidole, basi, hakuna mama, hakuna baba. Jioni ile watu wakaja kituoni na mawe ya kweli, yale ya barabarani. Na Jumatatu ghuba inafunguliwa kabisa, si mashua ndogo tu, na meli za kukokota nyavu chini humo humo. Zikishapita hizo, hata huyo wa urefu wa kidole hutamwona.

"Ni dereva," mkuu akasema kwa mara ya kumi. "Tulimtuma anunue changu wa ghuba hii kwenye zile mashua chache zilizoruhusiwa kuvua wa kupima. Yeye akaenda akanunua wakubwa huko bahari ya mbali, akatuletea. Uvivu tu, hakutaka kuamka asubuhi. Gari la polisi linakuja saa nane kumchukua. Wewe andika hivyo, tule, twende."

"Ulimwona akinunua huko mbali?"

"Sasa hao wakubwa walitoka wapi? Walianguka na mvua?"

Ndimu akamtazama dada yake. Dada alikuwa anafuta lenzi ya hadubini kwa kitambaa, na ile lenzi ilikuwa safi tangu Ndimu anaingia.

Stoo ya nyavu ipo nyuma ya uwanja. Mlinzi akafungua, akabaki mlangoni na paka wake. Dereva alikuwa amekaa juu ya rundo la maboya, mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi. Wanamwita Barafu kwa sababu ndiye anayebeba yale makasha ya barafu.

"Umekuja kunipiga au kuniuliza?" akasema.

"Kukuuliza, mzee."

"Basi niulize nikiwa nimesimama, haya maboya yananichoma." Akasimama. "Mimi ndiye mwizi wa samaki? Mtu anaiba samaki wa kupeleka kazini? Ulishaona wapi mwizi anaiba kwake anapeleka kwa tajiri?"

"Wanasema ulinunua wakubwa mbali."

"Kwa gari lile? Lile gari likipita daraja linaomba dua. Nimenunua pale pale mashua zinaposhusha, ndoo moja kila mashua ya upimaji, kabla kina mama hawajachambua. Huruhusiwi kuchagua. Ukichagua, dada yako anakutukana mpaka unasahau jina lako."

"Hujawahi kuiba chochote hapa?"

Barafu akamtazama mlinzi, akakohoa. "Barafu. Barafu nimeiba, siku za joto, nawapelekea nyumbani. Lakini ile imeshayeyuka, afande, kesi yake utaishika wapi?"

Mlinzi akacheka kwa pua.

"Mzigo wa mwisho ulikuwaje?" Ndimu akauliza.

"Aibu tupu. Watoto, watoto, watoto. Wakubwa wachache tu, ungewaweka kwenye kasha moja na nafasi ikabaki ya kulalia huyo paka. Nikamwambia dada yako: safari hii bahari imekataa. Unajua alinijibu nini? Kazi yako kuendesha gari."

"Alikujibu hivyo?"

"Hivyo hivyo. Na jana walipokuja kunifungia, yeye alikuwepo pale uwanjani. Nikamwita. Nikamwambia mwanangu, si nilikwambia wewe? Waambie basi. Akaingia ndani." Barafu akajikuna shingo. "Nina miaka michache nistaafu, afande. Nikienda jela sasa hivi nitatoka nikiwa mapambo ya ukutani."

Ndimu akatoka, akamuuliza mlinzi vichwa vinawekwa wapi. Maana jambo moja alikuwa analijua tangu zamani, dada yake alishalisema mara mia mezani: wakishatoa mawe, nyama inagawiwa, ila vichwa vinakaa kwenye friza mpaka ripoti ikubaliwe na wakubwa wa mjini. Mtu akibisha, mnarudi kwenye kichwa.

"Friza ile ndefu, kule korido," mlinzi akasema. "Lakini ina kufuli."

"Ufunguo?"

"Shingoni kwa dada yako. Anaoga nao, nadhani."

Dada hakubisha sana. Alivua uzi shingoni, akamtupia ufunguo bila kumtazama. Ndimu akafungua friza, mkuu yupo nyuma yake anahema, mlinzi naye kajisogeza, na paka kajisogeza zaidi. Ndani kulikuwa na mifuko ya vichwa imeganda kama mawe ya ujenzi. Ndimu akavaa glavu, akaanza kuipanga sakafuni, mmoja mmoja, vikubwa huku, vidogo huku.

Huku kwa vidogo rundo lilipanda mpaka likaanza kuporomoka. Huku kwa vikubwa mstari ulikuwa mfupi, unaweza kuuruka bila kuchukua kasi.

"Barafu hakudanganya," Ndimu akasema. "Alileta watoto."

"Vikubwa vimeibwa," mkuu akasema haraka. "Mlinzi ana paka!"

"Paka ana ufunguo?"

"Paka wangu changu hali," mlinzi akasema, amekasirika kweli. "Tumbo lake bovu. Msimuingize."

Ndimu akahesabu ule mstari wa vikubwa. Kumi na moja. Akarudi maabara, mkuu nyuma, akaiangalia trei bila kuigusa. Trei nyeusi, ina vishimo kama ya mayai, kila kishimo na jiwe lake. Mawe makubwa yalikuwa juu, yamepangwa, ncha zote zinaangalia upande mmoja kama wanafunzi wako mstarini. Akayahesabu. Ishirini na mawili.

Ya watoto yalikuwa machache tu, chini kabisa. Rundo lote lile la korido, na humu mawe yao ya kuhesabika.

"Mkuu," akasema, "hebu tupishe kidogo."

Mkuu hakutoka mara moja. Alimvuta Ndimu pembeni, akashusha sauti, akawa mtu mwingine kabisa, mpole.

"Nisikilize. Mimi nimeshaelewa unapoelekea, na si mjinga. Andika dereva. Nakuokoa wewe, nauokoa na ukoo wenu. Dereva hana mtu, atakaa ndani kidogo atatoka."

"Ulikuwa unajua?"

"Mimi najua Jumatatu kuna sherehe na nimeshaalikwa," mkuu akasema, akatoka, mlango akauacha wazi.

Dada alikuwa bado anafuta lenzi. Ndimu akavua glavu, akaketi kwenye stuli, mbele yake.

"Unakumbuka mama alivyokuwa anatengeneza samaki nyuma ya nyumba?" akamuuliza.

"Usianze."

"Unachukua mawe, unayachanganya kwenye sahani, unaniambia tafuta pacha wake. Nikikosea unanipiga kofi la kisogo."

"Ulikuwa unakosea makusudi ili uachiwe ukacheze."

"Lakini nilijifunza." Akainua jiwe moja kwa kibano, lile la kwanza juu. Akaligeuza. "Jiwe la kushoto na la kulia ni kama viatu. Hayaingiliani. Ukiyaweka yote mgongo chini, mfereji juu, huu mchirizi wa upande mmoja, ncha ya kushoto inaangalia huku na ya kulia inaangalia kule. Sivyo?"

Dada akaendelea kufuta.

"Hapa ncha zote zinaangalia huku. Vizuri. Anayepita mlangoni ataona yote ya kushoto. Ila hili lina mfereji juu." Akalirudisha, akachukua la pili. "Na hili mfereji upo chini. Hili juu. Hili chini. Umekigeuza kiatu cha kulia kifanane na cha kushoto, dada. Lakini ukikigeuza hivyo, soli inatazama juu."

Akayaweka mawili kwenye kiganja, akayabana pamoja, yakakaa kama mikono ya mtu anayesali.

"Pacha," akasema. "Vichwa kumi na moja, mawe ishirini na mawili. Kila mzee umemzaa mara mbili. Na watoto umewaacha nje."

Kitambaa kikasimama. Dada akakikunja, akakikunja tena, akakiweka mezani kama mtu anayeweka leso kwenye sanduku.

"Kofi la kisogo lilikuwa dogo," akasema. "Ningekupiga zaidi."

"Walikupa nini?"

"Nani?"

"Wenye meli."

Hapo dada akacheka, kicheko kibaya, akawa anajifuta macho na mkono wa koti. "Wewe! Unadhani mimi nimenunuliwa? Ningenunuliwa ningekuwa na viatu hivi? Hebu niangalie!"

"Basi kwa nini?"

"Unakuja kwangu lini wewe? Kwenye misiba. Hujui. Shemeji yako anaamka alfajiri miaka mitatu, anavaa, anakwenda anakaa ndani ya mashua iliyofungwa, anarudi saa sita kama mtu aliyetoka kazini. Mashua nchi kavu! Sokoni ananiuzia nani? Wananiita Mama Kufuli. Mama Kufuli kapita, ficheni bahari! Watoto wangu shuleni ni watoto wa Kufuli. Kila mwaka nasoma mawe, kila mwaka naandika bado, bado, bado. Mwaka huu Barafu akaleta ule uchafu, nikajua naandika bado ya nne. Mkono ukakataa."

"Ukaandika wamepona."

"Nikaandika wamepona kidogo! Kwa mashua ndogo! Nilipendekeza ndoano tu, mashua ndogo tu, watu wapate cha kuweka sufuriani. Hizo meli sikuziandika mimi. Mkuu kaziingiza huko juu, kwenye ukurasa ambao mimi sijauona mpaka nausikia redioni."

"Na Barafu? Barafu naye umemuingiza ukurasa gani?"

Dada akageuza uso kwenye trei.

"Amekuita jana. Ukaingia ndani."

"Nilifikiri watamwachia. Nilifikiri, dereva, watamfokea, wataona hakuna kitu, yataisha."

"Saa nane polisi wanakuja."

"Basi sema samaki waliharibika! Umeme ulikatika, friza ikazima, vipimo haviaminiki, tunarudia mwakani. Barafu anatoka, mimi nabaki, wewe unakwenda zako. Nani anaumia?"

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu zitaingia tu!" Sasa alikuwa amesimama, na sauti imerudi ileile ya mwanzo. "Hata ukipiga kelele mpaka ukapasuka! Unadhani walisubiri mawe yangu? Meli zilishatia nanga huko nje kabla sijafungua kichwa cha kwanza. Mkuu alikuwa na hotuba! Mimi nimedanganya bure, unaelewa? Bure. Ningeandika ukweli wangetafuta mwingine wa kuandika uongo, labda hata mwandiko wake mzuri kuliko wangu."

"Labda."

"Labda nini?"

"Labda wangemtafuta. Lakini hawakumtafuta, dada. Walikukuta wewe."

Friza ya korido ilikuwa inanguruma. Nje uwanjani gari lilipiga honi getini, na mlinzi akajibu kwa matusi ya kirafiki, kama wanajuana. Wale polisi wa saa nane walikuwa wamewahi.

Ndimu akarudisha mawe mawili kwenye vishimo vyake, la kwanza mfereji juu, la pili mfereji chini, vilevile alivyoyakuta. Akainua trei kwa mikono miwili.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwa hao. Nawaonyesha vichwa, nawaonyesha trei. Wamfungulie Barafu. Halafu naipeleka mjini kabla ya Jumatatu."

"Na mimi?"

"Wewe utaandika maelezo. Na la meli uliseme, na ukurasa wa mkuu uuseme. Ukiandika mwenyewe kabla sijarudi hapa itakusaidia."

"Sikia maneno ya mtu niliyemfuta kamasi," dada akasema. "Itakusaidia! Shemeji yako unamwambiaje? Wale watu wa sokoni ukishawafungia bahari mara ya pili, unapita wapi? Utapita wapi wewe? Mimi nilikuwa Mama Kufuli. Wewe utakuwa nani, Mjomba Kufuli?"

"Watapata jina."

"Ukitoka na hiyo trei, kwangu usije. Nimesema. Hata msibani usije. Hata wangu."

Ndimu akasimama pale trei mikononi. Uso wake ulikuwa uleule wa siku zote, huwezi kuujua. Akaanza kwenda mlangoni, na trei ikainama kidogo upande wa kushoto, mawe madogo yale ya chini yakaanza kuteleza kwenye vishimo.

"Wewe!" dada akapiga kelele. Akaruka, akatoa mfuniko wa plastiki kwenye mtoto wa meza, akaja akaufunika juu ya trei, akaubana kwa mipira miwili ya kufungia, huku na huku, vidole vyake vinajua kazi. Akaijaribu kwa kidole kama imekaza. "Ishike kwa chini. Kwa chini, si pembeni, utayachanganya. Yakichanganyika hutathibitisha kitu, watakuambia umeyapanga wewe."

"Sawa."

"Na usiweke kwenye jua."

"Sawa, dada."

Akarudi kwenye stuli yake, akageukia ukuta, ule wenye dirisha la katoni.

Ndimu akaishika trei kwa chini, kama alivyoambiwa. Akatoka. Mikono haikuwa na nafasi, kwa hiyo akauvuta mlango kwa kisigino, polepole, mpaka kitasa kikalia, na mawe hayakutikisika hata moja.